Yowe la Jikoni Hufika Kwanza

Vuteni viti mje upande huu wa kitanda, wote wawili upande mmoja, maana shingo yangu haigeuki tena kwa kila mtu na sitaki kuyagawa maneno haya nusu kushoto nusu kulia. Janelle, mama, sogea. Curt, hiyo simu iingie mfukoni. Msitazamane kama hamtaki, naona mnavyokagua zulia, lakini kaeni karibu nisilazimike kupaza sauti, kwa sababu pumzi iliyobaki nimeshaipangia kazi. Muuguzi amenikataza kusema sana. Nimemwambia mimi ni Vondra, sijasema sana maisha yangu yote, leo nikisema kidogo sitakuwa nimemkosea mtu.

Mambo ya shamba hayahitaji pumzi yangu. Wakili wa mjini anayo yote: ardhi ni yenu nusu kwa nusu, jirani yetu Stanek aendelee kuikodi maadamu anailima vizuri na anakumbuka kufunga mageti, nyumba hii mtaamua wenyewe, ng'ombe hakuna tena, na mbwa ameshachagua kwenda kwa Curt, wala hakuja kuniuliza. Ngazi yangu ndefu Stanek ameikalia tangu mama yenu yu hai. Mwachieni, kila akiipanda ananikumbuka, na mimi sitaki zaidi ya hapo.

Ninachotaka kuwausia wakili hakuweza kukiandika. Nilijaribu, jamani. Nilimwambia, andika kwamba Jumamosi ni ya Korongo, timu yetu ya chuo kikuu, naye akaweka kalamu chini akanitazama, akidhani dawa zimenipanda kichwani. Na huyo ni mtu wa hapa hapa Nebraska, ambaye baba yake mzazi alikwenda kanisani kuoa amevaa jezi ya Korongo ndani ya koti! Basi nitasema mwenyewe. Mechi inaanza saa saba, leo ni Wachimba Chumvi kutoka Kansas, kwa hiyo muda wangu unaishia hapo, na nikipitiliza nikatizeni.

Janelle, nakumbuka siku moja ulipokuwa sekondari ulikasirika ukasimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni, ukaniuliza, "Baba, kwani wewe umesoma chuo kile? Humjui hata mmoja kati ya wale vijana. Wakikaa miaka minne wanaondoka, wanakuja wengine usiowajua. Sasa hapo unampenda nani?" Nikakujibu, "Toka mbele, mwanangu, unaniziba uwanja." Ndilo jibu nililokuwa nalo siku ile, na wewe uligeuka ukapanda ngazi ukibamiza kila mlango uliokutana nao. Swali lako lilikuwa zuri. Nimelala nalo kitandani miezi mingi, na sasa nina la kukujibu.

Ni kweli, chuo kile sijakisoma. Ndani ya majengo yake nimeingia mara moja tu, nikitafuta choo. Lakini babu yenu Anton, ambaye nyinyi mmemwona kwenye picha tu, alikuwa mtu wa kumaliza siku nzima kwa maneno mawili matatu: kula, lala, funga geti. Mama yangu alikuwa amefariki, mimi sina kaka wala dada, na nyumba ile ya juu kwenye kilima ilikuwa kimya hata saa ya ukutani ikawa ndiyo mtu wa kuzungumza naye. Nilikuwa naondoka naenda zizini kuwasimulia ng'ombe habari za shuleni, ili tu niisikie sauti yangu kama bado ipo. Sikuwa napigwa, sikuwa na njaa, nilikuwa mpweke, na mtoto mpweke hajui kama hali ile ina jina, anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Sasa ikafika Jumamosi moja ya mavuno. Baba akasimamisha lori la nafaka mwisho wa shamba, akafungua milango yote miwili, akawasha redio, akaniambia, "Panda." Nikapanda nikakaa kando yake. Mtangazaji alikuwa anasema mambo nisiyoyaelewa, nani kampa nani mpira, nani kaangushwa, hatua ngapi zimebaki kwa mwenye mpira mkononi kuvuka mstari wa bao, na mimi nikawa natazama vumbi la mahindi likishuka juu ya kioo. Ghafla sauti ya yule mtangazaji ikaanza kupanda. Kijana wetu mmoja alikuwa ameudaka mpira na anakimbia nao, anakimbia, hakuna wa kumshika, na mimi nikaona mkono wa baba unaachia usukani, unakuja, unatua kichwani kwangu. Mkono mzito, unanuka grisi. Ukakaa pale pale mpaka yule kijana alipovuka mstari. Halafu baba akauondoa akasema sentensi nzima, ya kwanza ndefu niliyopata kuisikia ikielekezwa kwangu: "Umeona yule kijana alivyokimbia?"

Tumeona wapi? Tuko kwenye lori katikati ya mahindi! Lakini nikasema, "Nimeona, baba." Wiki nzima iliyofuata nilikuwa naisubiri Jumamosi, nikiwa darasani, nikiwa zizini, nikiomba Mungu awape Korongo mpira na wakimbie nao mbali, maana kadiri walivyokimbia mbali ndivyo mkono ule ulivyokaa zaidi. Na hilo ndilo jibu lako, mama. Simjui mtu aliyekaa chini akachagua timu kama anavyochagua viatu. Unakaa karibu na mtu wako, mtu ambaye hana njia nyingine ya kukwambia kwamba anakupenda, na timu inaingia wakati huo huo. Baadaye wachezaji wanaondoka, makocha wanafukuzwa, yule mtu wako naye anazikwa, wewe unabaki na timu. Watu wakikuona na kofia ya ndege mwenye miguu mirefu wanakucheka. Wacheke. Wao hawajui ule ni mkono wa nani.

Nipe maji kidogo, Curt. Asante. Inatosha.

Mama yenu, mnajua, hakuletwa hapa na Korongo. Libbie alitoka kwa watu wa muziki na maua, kwao mjini Wilber Jumamosi ni ngoma za kwetu Wacheki na kolache, vile vimikate vya plamu, mpira hawaujui mbele wala nyuma. Mwaka wetu wa kwanza alikuwa akinisikia nalia na televisheni anakuja mlangoni na mikono yenye unga ananiuliza, "Milo, nani kafa?" Namwambia hakuna aliyekufa, refa kipofu. Anaguna, anarudi kwenye mikate yake. Redio ya jikoni ilikuwa yake, aliiwasha kwa ajili ya habari za mvua na bei za mahindi, na bei zikiisha mchana wa Jumamosi inafuata mechi. Yeye mikono imo kwenye unga, hawezi kuizima. Ndivyo alivyonaswa, mama wa watu, na unga wa mikate ya mdalasini. Siku moja naenda jikoni kuchukua kahawa namkuta kasimama wima mbele ya redio, kijiti cha kusukumia kimeinuliwa hewani, anamtukana refa kwa Kicheki, matusi ambayo hata babu Anton hakuyajua. Nilirudi sebuleni polepole asinione. Nilicheka peke yangu mpaka tumbo likauma, na nikasema moyoni, sasa nimeoa.

Nikamkaribisha sebuleni. Akakataa. "Hapo unanikodolea macho kama mimi ndiye niliyeangusha mpira," akasema. "Niache na mtangazaji wangu, yeye ananieleza vizuri, wewe unapiga kelele tu." Basi tukakaa hivyo miaka yote, mimi sebuleni na picha, yeye jikoni na sauti, ukuta mmoja kati yetu, mlango wazi.

Mwanzoni picha na redio vilikwenda pamoja. Tulipofunga dishi ndipo mambo yakageuka. Picha inapanda juu huko angani, inashuka, inachelewa, na redio ya jikoni haina safari hiyo, inasema jambo papo hapo linapotokea. Sisi tutajuaje? Jumamosi ya kwanza ya dishi nimekaa natazama vijana wetu ndiyo kwanza wanainama kujipanga, mara nasikia yowe jikoni. Yowe! Mimi nikajua Libbie kajimwagia mafuta ya moto. Nikaruka kwenye kiti, nikapiga goti mezani, nikafika jikoni nachechemea, namkuta anacheza peke yake na kitambaa cha vyombo. "Kavuka mstari, Milo! Kavuka!" Namwambia nani kavuka, hata hawajaanza! Nikarudi mbio kuona, picha imeshapita, nimekosa bao na goti limevimba. Nilinuna mpaka Jumatatu.

Nikamwomba ajizuie. "Libbie, unaniharibia, najua kabla sijaona." Akajaribu kwa dhati, alijiziba mdomo na aproni, lakini bado nilikuwa nasikia miguu yake ikipiga sakafu. Basi nikaacha kumwomba. Na baada ya muda, wanangu, nikawa siwezi tena kutazama bila hiyo sauti. Nilijifunza kuisoma. Yowe refu, tumevuka mstari. "Ai!" fupi, mtu kaangushwa. Mwiko ukigonga sufuria, refa. Na kimya, yaani redio inasema lakini mama yenu hana hata mguno, hapo nilijua tumepoteza mpira, na nilikuwa napata muda wa kuuandaa moyo kabla ubaya wenyewe haujafika kwenye kioo. Mjue nilikuwa mtu tajiri. Kila jambo, zuri au baya, lilikuwa linafika kwangu likiwa limeshapita kwa mtu anayenipenda.

Hili la sasa sijamsimulia mtu. Ile Jumamosi. Mlijua kwamba moyo wake ulisimama, mlijua kwamba ilikuwa jikoni, mliuliza nilimkutaje nikasema nilimkuta tu. Nilimkuta hivi. Korongo walikuwa na mpira karibu kabisa na mstari, nikasikia mtangazaji anapandisha sauti kule jikoni, na mama yenu kimya. Kimya kabisa. Nikasema, basi, tumeupoteza. Nikashika mikono ya kiti, nikajiandaa, nikangoja picha iniletee hasara yetu. Picha ikaja. Kijana wetu akapita katikati yao wote akavuka mstari, uwanja mzima ukasimama, na mimi nimekaa pale natazama watu wanashangilia na sielewi. Halafu nikaelewa. Nilinyanyuka polepole, kwa sababu nilijua hakuna tena cha kuwahi.

Subiri, Janelle. Usilie bado, nina safari ndefu na wewe.

Ulikuja kutoka Denver usiku ule ule ukashika kila kitu mikononi mwako, na mimi nilishukuru, maana sikuwa nafaa kitu. Ukapanga maziko Jumamosi iliyofuata saa saba mchana. Mtu wa hapa angekwambia hapana. Hapa hatufungi ndoa wala hatuziki saa ya Korongo, hata wanawake wajawazito wanaombewa wavuke Jumamosi salama. Lakini wewe umeondoka siku nyingi, mchungaji alikuwa mgeni ndiyo kwanza anatoka Pennsylvania, Curt anaitikia kwa kichwa tu, na mimi, ungeniambia tumzike alfajiri ningesema sawa. Ikawa ilivyokuwa. Kanisa nusu tupu. Nilikuona ukigeuka nyuma kuhesabu viti, nikaona uso wako. Mama yako aliyewapikia watu wale wote, aliyekwenda kwenye vitanda vya wagonjwa wao, na wamebaki nyumbani na mpira.

Halafu tukaenda makaburini, upepo ule, mchungaji anaomba, jeneza liko juu ya shimo, na ndugu yako Curt anapiga yowe. Yowe refu, kichwa kimeinuka juu. Ukaona kidude cha redio sikioni mwake. Ulimzaba kofi mbele ya watu, ukamwambia, "Mama anaingia shimoni, wewe unashangilia mpira," ukapanda gari na viatu vyenye matope ukaenda moja kwa moja uwanja wa ndege wa Omaha. Tangu siku hiyo wewe huna kaka, yeye hana dada. Krismasi mnakuja kwa zamu kama walinzi wa benki.

Sasa nisikilize vizuri. Jumanne Curt alikuwa ananirudisha kutoka hospitali, baada ya madaktari kusema niende nikapumzike nyumbani, na lugha hiyo wote tunaijua. Tukapita makaburini. Nikamwambia asimamishe gari. Nikamuuliza, mwanangu, siku ile ilikuwa nini? Hata mimi nilikuwa nimemwekea kinyongo, nisikufiche. Akakaa akiushika usukani kama babu yake. Kisha akaniambia kwamba majira ya joto kabla ya msiba alikuja hapa kumtengenezea mama yake ile redio, waya wa mawimbi ulikuwa umekatika, na mama yenu akiwa anamenya viazi akamwambia, akicheka, "Curt, siku nikifa, mkinizika Jumamosi, mtu mmoja anipigie yowe tukivuka mstari. Nisikae kule chini sijui kinachoendelea." Curt akamwambia acha mambo yako, mama. Akasema, "Ahidi." Akaahidi.

Ndiyo hivyo. Aliahidi akatimiza. Kofi lako lilimkuta katikati ya kumtii mama yake, na hakusema, kwa sababu huyu mwanangu ukimpasua huwezi kukuta neno lolote humo ndani, na kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Usimtazame yeye, mama, nitazame mimi. Sisemi kwamba ulikosea. Mtoto aliyefiwa na mama yake akisikia yowe la namna ile angefanya nini? Lakini ujue yowe lile lilikuwa la nani.

Na ujue na la pili, ambalo nilikupigia simu kukwambia ukasema, "Baba, usiwatetee." Jioni ile walikuja. Wewe uko angani unarudi Denver, na magari yamejaa uani hapa mpaka chini kwenye sanduku la barua. Walikuja na masufuria ya nyama na maharage ya pilipili, na mikate ya mdalasini, kila mwanamke na ya kwake, na kila mmoja akiomba radhi kwamba haiwezi kuwa kama ya Libbie. Nilikuwa nimeiweka picha yake jikoni, kando ya redio. Kila aliyeingia alipita pale kwanza akasimama mbele yake akampa matokeo. Mke wa Stanek aliyatoa huku analia, amevaa jezi, kamasi mpaka kidevuni: "Tumewafunga, Libbie, tumewafunga vizuri sana." Wote walijua kwamba angetaka kujua. Mama yako hakuzikwa na kanisa nusu tupu, Janelle. Alizikwa kwa mafungu mawili, na la pili hukulisubiri.

Ehe. Lia sasa. Curt, mpe kitambaa. Mpe mkononi, usimtupie, kwani yeye ni kuku?

Misimu minne nimekaa hapa peke yangu. Nitasema wazi kwa sababu sina muda wa kujifanya shujaa: nimekuwa mpweke kuliko nilivyokuwa kwa babu Anton, maana utotoni sikujua ninachokikosa. Nilijaribu kuiwasha redio jikoni nikaacha mlango wazi kama zamani. Mtangazaji anasema vizuri tu, lakini redio haipigi yowe. Stanek aliniita kwake nikaenda mara moja, watu wengi, vinywaji, watoto wanakimbia, nikarudi kabla ya mapumziko. Nikawa napakua bakuli mbili za maharage kwa mazoea, ya pili anakula mbwa. Korongo wakivuka mstari, wanavuka ghafla, mbele ya macho yangu, bila mtu kunitangulizia. Wakipoteza, hasara inanikuta nimekaa kizembe. Nilikuwa nawaza, Curt yuko Grand Island anatazama peke yake, Janelle yuko Denver anafanya usafi Jumamosi mchana ili asiwaze, na mimi niko hapa. Watu watatu wa Libbie, kila mtu na ukuta wake.

Basi wosia wangu ndio huu. Redio ya jikoni ni ya Janelle. Huko kwako haishiki mawimbi ya huku, najua, lakini nimeambiwa mtangazaji yule yule sasa anapatikana kwenye simu. Ichukue hivyo hivyo, uiweke jikoni kwako karibu na unga. Kiti changu na televisheni ni vya Curt. Na Jumamosi, saa ya Korongo, mmoja ampigie mwenzake, simu iachwe wazi. Hamtalazimika kuongea. Curt atatazama picha, Janelle atasikiliza mtangazaji, na likitokea jambo Janelle atapiga yowe kabla Curt hajaona. Hilo tu. Siwaambii mpendane, hilo siyo jambo la kuamrisha. Sikuambii uwapende Korongo, mama, wanaudhi sana, utaona. Nawaambia mkae karibu kwa saa hizo chache, mengine yatakuja yenyewe kama yalivyonijia mimi kwenye lori.

Mimi mnizike siku yoyote. Ikiwa Jumamosi, mnajua la kufanya.

Saa ngapi? Tayari? Lo, nimesema kama mwanasiasa. Curt, washa. Zima sauti. Niinue mto kidogo... hapo. Janelle, nenda jikoni. Usiniambie hujui mpira, mama yako naye hakujua. Redio iko pale pale juu ya pipa la unga, kitufe cha kushoto. Hakuna cha kuelewa. Msikilize yule bwana, sauti yake ikipanda, panda nayo. Mlango uache wazi.

Amekwenda? Nasikia redio. Kaa hapa kitini, Curt. Siyo huko, hapa. Lete kichwa chako karibu... karibu zaidi, mkono wangu haufiki mbali. Hivyo. Umeota mvi, mwanangu, lini? Mungu akupe mtu wa kukaa naye. Na yule kule jikoni, ampe hivyo hivyo. Ampe watu wa kumjazia uani mpaka kwenye sanduku la barua. Baraka zangu zote ni hizo, sina nyingine... nimezitafuta, sina.

Wanajipanga. Hao. Hawa Wachimba Chumvi... wanene mwaka huu.

Kimya. Mbona kimya, Curt? Kimya hiki mimi... sikipendi. Yupo? Nasikia bwana anapandisha sauti, na yeye kimya. Usiinuke. Ngoja. Ngoja naye.

Huyo!

Umesikia? Yowe lile. Refu. Na miguu... anapiga sakafu, sikia. Picha bado. Hao hata hawajaanza, tazama, wameinama tu. Mwite, Curt. Muulize kuna nini. Mimi najua, lakini wewe muulize, anakungoja. Jina lake unalijua. Mwite kwa nguvu, ukuta ni...

Ehe. Hivyo.

Sasa picha na ije.